Kuishi Kwa Gari Miaka Nenda Miaka Rudi: Ni Uhuru ama Ni Kukosa Keja?

Niseme msimamo wangu mapema ndio usishuke hadi chini ukijiuliza niko upande gani. Kuishi ndani ya gari kwa muda mrefu ni maisha poa sana kwa mtu aliye na pahali pa kurudi. Kwa mtu asiye na pahali pa kurudi, ni kukosa keja tu, ila kumewekewa muziki mzuri.

Video zenyewe mnazijua. Milango ya nyuma inafunguliwa, mbele kuna bahari au mlima, kikombe cha kahawa kinafuka moshi, na mbwa amelala kwenye shuka nyeupe. Mwenye gari anasema aliacha kazi, akauza kila kitu, na sasa huu ni mwaka wake wa tatu barabarani. Halafu anamaliza na ile sentensi: halipi kodi. Sasa wewe uko kwa bedsita Roysambu, tarehe 5 imefika, keateka amegonga mlango mara mbili na umejifanya hauko. Hiyo "halipi kodi" lazima ikuingie.

Ndio maana wasee wengi wananiuliza: si afadhali tununue boksi, tutoe viti, tuweke godoro na sola juu, tuachane na mambo ya landlodi? Swali ni la maana na sitaki kulicheka. Mtu anayelipa kodi kila mwezi bila kujua kama atawahi kumiliki hata ploti ana haki ya kuuliza kama kuna njia nyingine. Kwa hivyo tupime kwa haki. Tamu kwanza, halafu chungu, halafu turudi nyumbani tuone hesabu inasemaje.

Hii kitu inaitwa RV

RV ni jina la Wamarekani, na wao wameyagawa magari haya kwa herufi. A ni lile jitu la basi lenye sebule, jiko, choo na bafu. B ni van iliyogeuzwa kuwa chumba, ndiyo hiyo unaiona sana mtandaoni. C iko katikati: mbele inafanana na lori dogo, na kitanda kimekaa juu ya kichwa cha dereva. Halafu kuna trela zinazovutwa na pikap.

Na si mtindo wa jana. Kampuni ya Winnebago ilianza kule Iowa mwaka 1958. Mwaka 1959, Wally Byam, mwenye kampuni ya trela za alumini zinazong'aa zinazoitwa Airstream, aliongoza msafara wa trela 41 kutoka Cape Town hadi Cairo, na walipitia hapa kwetu Kenya wakielekea Ethiopia. Yaani kabla hatujapata uhuru, tayari kulikuwa na watu wamepita na nyumba zao zikiwa nyuma ya gari, wakipambana na matope ya barabara zetu. Hiyo ya matope ikumbuke, tutairudia.

Tamu yake

Ya kwanza ni pesa, na hapa watu hawadanganyi kabisa. Magharibi mwa Marekani serikali kuu inamiliki ardhi kubwa sana. Sehemu nyingi zinazosimamiwa na idara inayoitwa Bureau of Land Management, unaruhusiwa kupiga kambi bure hadi siku 14, halafu unasonga mbele. Kwa hivyo mtu anayekaa pahali pamoja wiki mbili, anajipikia, anapata umeme wa sola, anaweza kuishi kwa pesa kidogo kuliko kodi ya chumba kimoja San Francisco. Siri iko hapo kwa "anakaa". Wanaookoa pesa ni wale wanaotembea polepole. Ukibadilisha mji kila siku ili upate video mpya, petroli inakula ile kodi uliyoikwepa.

Ya pili ni kufuata hali ya hewa. Kuna mji mdogo wa jangwani Arizona unaitwa Quartzsite. Baridi ikianza kule kaskazini, watu wenye magari haya wanashuka huko kwa wingi, wengi wao wazee waliostaafu. Kuna hata maeneo rasmi ambapo unalipia kibali na kukaa kutoka 15 Septemba hadi 15 Aprili. Unapata jua, majirani na stori za moto jioni. Huwezi kuniambia hayo ni maisha mabaya.

Ya tatu haisemwi sana: unajijua. Nyumbani ukifungua mfereji, maji yanatoka (ama hayatoki, inategemea uko mtaa gani). Kwa gari unajua una lita ngapi zimebaki, betri imebaki asilimia ngapi, na gesi itaisha lini. Unajifunza kuishi na vitu vichache kwa sababu kila kitu unachonunua lazima kipate pahali pa kukaa. Mtu akifanya hivyo mwaka mmoja, hata akirudi kwa nyumba ya kawaida hawezi kudanganywa kirahisi na ofa za dukani.

Ya nne ni muda. Kama kazi yako ni ya laptopu, unaandika, unahariri video, unafundisha mtandaoni, hakuna sababu ya kukaa saa mbili kwenye jam ya Thika Road kila asubuhi. Ofisi yako inaweza kuwa kando ya ziwa. Hiyo ni baraka na nitaitetea popote.

Chungu yake

Sasa tuje kwa upande ambao video hukatwa kabla haujafika.

Nyumba ya mawe ikikaa miaka kumi, mara nyingi bei inapanda. Gari likikaa miaka kumi, bei inashuka. Ni rahisi hivyo. Na gari-nyumba ni nyumba inayopigwa tetemeko la ardhi kila siku: kila shimo barabarani linalegeza skrubu ya kabati, bomba la sinki, waya wa taa. Wakati wa korona Wamarekani waliyanunua kama mkate. Mwaka 2021 viwanda vilisafirisha zaidi ya laki 6. Mwaka 2023 idadi ilishuka hadi kama laki 3 na elfu 13, karibu nusu. Ofisi zilifunguliwa, riba ya mikopo ikapanda, na mengi yakarudi sokoni kwa bei ya hasara. Kama mtu alinunua kwa mkopo wa miaka mingi, anaendelea kulipa kitu ambacho thamani yake imeshakimbia.

Pili, mafuta. Lile basi la herufi A hutembea kilomita 3 au 4 kwa lita moja. Tuseme dizeli ni shilingi 170. Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480. Kwa kilomita 4 kwa lita, hiyo ni lita 120, yaani shilingi 20,400 kwenda tu, haujarudi. Hata van inayotembea kilomita 10 kwa lita itakula shilingi 8,160. Kwa hiyo pesa unapanda basi mara kadhaa na chenji ya soda inabaki.

Tatu, choo. Samahani kama unakula. Maji ya sinki yana tangi lake na ya choo yana tangi lake, na hayo matangi yanajaa. Marekani kuna vituo vya kuyamwaga, unafika na bomba lako, glavu zako na ujasiri wako. Hakuna influensa anaanza asubuhi yake na hiyo video, lakini kila mmoja wao ana hiyo asubuhi.

Nne, gari likiharibika, nyumba yako iko gereji. Fikiria hilo vizuri. Fundi akisema spea itafika baada ya wiki moja, hauna usafiri na hauna kitanda, vyote kwa siku moja. Unalipia gereji na unalipia loji.

Tano, anwani. Benki, bima, leseni, kura, vyote vinauliza unaishi wapi. Wamarekani wa maisha haya wamejitafutia njia: wengi huandikisha makao yao South Dakota, Texas au Florida, ambako taratibu ni nafuu na hakuna kodi ya mapato ya jimbo, halafu wanalipa kampuni iwapokelee barua. Bima ya hospitali ndiyo huwasumbua, kwa sababu nyingi hufanya kazi vizuri tu karibu na pale ulipoandikishwa.

Sita, pahali pa kulala. Ile ardhi ya bure iko jangwani na msituni. Mjini ni stori nyingine. Tarehe 28 Juni 2024, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika kesi ya mji wa Grants Pass, Oregon, kwamba kuwatoza faini watu wanaolala nje maeneo ya umma si adhabu ya kikatili kwa mujibu wa katiba yao. Tangu hapo miji imepata nguvu zaidi ya kuwafukuza watu wasio na makao. Van ya milioni kumi na van ya mtu aliyefukuzwa nyumba zinaweza kusimama mtaa mmoja usiku mmoja. Zote zina mtu amelala ndani. Moja inaitwa mtindo wa maisha, nyingine inaitwa kero.

Hapo ndipo kitabu cha Jessica Bruder, Nomadland, kinagusa. Kilitoka mwaka 2017, na kinawahusu Wamarekani wenye umri mkubwa walioingia kwenye magari kwa sababu pensheni na akiba hazikutosha, wengine baada ya mtikisiko wa uchumi wa 2008. Walikuwa wanafuata vibarua vya msimu: ghala za Amazon, kambi za watalii, mavuno ya viazi sukari. Filamu yake, iliyoongozwa na Chloé Zhao, ilishinda Oscar ya filamu bora mwaka 2021. Watu wengi waliitazama wakaona mandhari. Mimi niliona watu wa umri wa nyanya yangu wakifanya kazi ya kubeba mizigo na kulala kwenye paking. Wengine walipata marafiki na heshima mpya huko barabarani, hilo ni kweli pia. Lakini tofauti kati ya kuchagua na kusukumwa ni kubwa, na kamera haionyeshi.

Na uzee? Kuna chama kimoja cha watu wa RV kinaitwa Escapees, kilianzishwa mwaka 1978. Makao yake yako Livingston, Texas, na hapo kando yake kuna kituo cha wanachama ambao wameugua au wamezeeka hawawezi kuendesha tena. Wanaegesha gari lao hapo na kusaidiwa. Nimekipenda sana hicho kituo, kwa sababu kinakubali ukweli: hata msafiri mkubwa siku moja atahitaji kusimama pahali, na karibu na watu.

Sasa hapa kwetu

Kuna Wakenya ambao tayari wanaishi kwa gari huko Marekani, ila hawaitwi mainfluensa. Ni madereva wa malori makubwa. Nina binamu yangu mmoja ni dereva huko. Nyuma ya kiti chake kuna kitanda, mikrowevu na friji ndogo. Sheria inamruhusu kuendesha saa 11, halafu lazima apumzike saa 10, na hizo saa 10 anazipitisha humo ndani, kwenye paking ya malori, wiki baada ya wiki. Nilipompigia kumwambia nataka kuandika kuhusu uhuru wa kuishi kwa gari, alicheka mpaka laini ikakatika. Akipiga tena akaniuliza kama nimewahi kupiga foleni ya bafu na sabuni mkononi saa tisa ya usiku. Anachokijenga na hizo dola ni nyumba huko ocha, na anataka isiende popote.

Sasa hesabu. Tuseme umepata van kuukuu na kuigeuza, jumla milioni 1.5. Bedsita yako ni shilingi 10,000 kwa mwezi, yaani 120,000 kwa mwaka. Hiyo milioni 1.5 ingelipa kodi miaka 12 na nusu. Na hapo sijahesabu mafuta, bima, matairi na sevisi. Kwa hivyo mtu akikuambia anahamia kwa van ili kuokoa kodi ya bedsita, mwambie pole pole arudie hesabu. Kama kodi yako ni 40,000, hapo mazungumzo yanabadilika, lakini wangapi wetu tuko hapo?

Usifikirie pia kuagiza lile basi la Marekani. Sheria yetu hairuhusu kusajili gari la kawaida lenye usukani wa kushoto, na gari la kuagizwa kutoka nje halifai kuzidi miaka 8. Ukigeuza bodi ya gari lako, unahitaji idhini na ukaguzi wa NTSA, na bima yako lazima ijue. Usifiche hilo. Siku ya ajali ndiyo siku watasoma karatasi.

Tena hatuna ile ardhi kubwa ya kulala bure siku 14. Kwetu ardhi ni ya mtu, ya jamii au ya mbuga. Kambi za KWS ni nzuri sana lakini unalipia kwa kila kichwa kwa kila usiku, na kiingilio cha mbuga kiko kando. Kulala kando ya barabara si kitu ningemshauri mtu, na kwa dada zetu wanaosafiri peke yao ninasema bila kupepesa: usalama unapunguza nusu ya ule uhuru unaouzwa mtandaoni. Na matope ya Wally Byam bado yapo. Mvua ya Aprili haijui kama gari lako lina wafuasi laki moja.

Lakini kwa haki, tuna mambo mazuri ambayo hata Marekani hawana. Kila mji una fundi wa jua kali anayeijua HiAce kuliko mkewe. Spea ziko. M-Pesa inafika. Chapo na ndengu ziko kila mahali kwa bei ya mwananchi. Kwenye barabara kuu nyingi utapata mtandao wa kutuma kazi. Safari ya miezi miwili, ukizunguka Naivasha, Nanyuki, Magharibi hadi Pwani, inawezekana, na ninaitamani mwenyewe.

Tulijua kuhama kabla ya TikTok

Kuna kitu kinanikera kidogo tunapoongea kuhusu haya maisha kana kwamba yaligunduliwa California. Wagabra na Warendille kule kaskazini wamekuwa na nyumba zinazosafiri tangu enzi za mababu. Nyumba inavunjwa, miti na ngozi na mikeka inapakiwa juu ya ngamia, na ikifika inasimamishwa tena. Wanaoijenga na kuimiliki ni wanawake.

Angalia wanavyohama. Hawahami peke yao. Hawahami bila kujua maji yako wapi na malisho ya nani. Wana ukoo, wana wazee wa kuomba ruhusa, wana pahali wanaporudi mvua ikinyesha. Kuhama kwao kuna kamba nyingi zinazowaunganisha na watu. Ndiyo tofauti ninayoitafuta tangu mwanzo wa hii posti. Mtu anayehama na watu wake, kwa njia anayoijua, yuko nyumbani hata akiwa njiani. Mtu aliyekimbia kila kitu na kila mtu, hata van yake iwe na Starlink, amepotea na intaneti nzuri.

Ushauri wangu kwa anayewaza

Usiuze vitu vyako. Kodisha gari lililogeuzwa, au chukua gari la rafiki na hema, uende wiki mbili. Uende msimu wa mvua, si Desemba. Ukirudi bado unataka, hiyo ni dalili nzuri.

Weka akiba ya miezi mitatu ya kodi pembeni na usiiguse. Hiyo ndiyo tiketi yako ya kurudi. Siku gari likikwama, au mwili ukikwama, hautampigia mtu ukilia.

Na kabla ya yote, jibu maswali haya matatu kwa ukweli. Kazi yangu inaingiza pesa tayari, ama natumaini itaanza kuingiza nikifika kwenye mandhari? Nikiugua usiku wa manane, nani atajua niko wapi? Na ninaenda kutafuta kitu, ama ninamkimbia mtu?

Ukiwa na majibu, nenda, na utuletee video zote, hata ile ya choo. Kama hauna, hakuna aibu kukaa kwa bedsita yako ukijipanga. Landlodi anaudhi, najua. Lakini hata yeye hawezi kuchukua nyumba yote na kuivuta gereji kwa breakdauni.